Kwa nini Google inaonyesha kichwa tofauti na ulichoandika kwenye tovuti yako

Mwenye nyumba ya wageni Kigamboni anajitafuta Google. Tovuti yake ipo, tena juu kabisa, ila maneno yanayoitambulisha si yale waliyokubaliana na kijana aliyemtengenezea. Simu inapigwa hapohapo: “Dogo, nani kaingia kwenye tovuti yangu?” Kijana anafungua, anakagua, anakuta kila neno liko palepale alipoliacha. “Mzee, hakuna aliyegusa kitu.” Mzee anakata simu akiamini amedanganywa.

Ugomvi wa namna hii umekuwa wa kawaida jijini. Wauza simu wa Kariakoo wanao, wenye blogu wanao, hata maofisa habari wa taasisi wanaoulizwa na wakubwa wao kwa nini tangazo la ofisi linasomeka vingine mtandaoni. Maelezo yanayotolewa ni mengi: wadukuzi, mshindani aliyelipa, fundi asiye mwaminifu. Mara nyingi hakuna hata moja lililo kweli. Aliyebadilisha ni Google yenyewe, imefanya hivyo kwa programu bila mtu kukaa na kuamua, na haikugusa tovuti ya mtu.

Vichwa vitatu vinavyochanganywa

Kila ukurasa wa tovuti una kichwa kilichoandikwa nyuma ya pazia, ndani ya msimbo (maandishi ya kikompyuta yanayoujenga ukurasa), katika sehemu inayoitwa title. Ukifungua ukurasa kwenye kompyuta utakiona kwa juu, kwenye kichupo cha kivinjari, kimekatwa nusu kwa sababu umefungua vichupo ishirini. Tukiite kichwa cha msimbo. Si jambo jipya hata kidogo: kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, zilizotoka mwaka 1995 zilishaagiza kila ukurasa uwe nacho.

Kipo kichwa cha pili, yale maandishi makubwa mgeni anayokutana nayo ndani ya ukurasa kabla ya habari yenyewe. Hicho ni kichwa cha habari. Mwandishi au mwenye duka huwa anakijali sana hiki, kwa sababu anakiona.

Cha tatu ni kile kinachotokea kwenye matokeo ya utafutaji, yale maneno ya bluu unayobonyeza ili uingie kwenye tovuti. Hiki ni kichwa cha matokeo, na ndicho kinacholeta ugomvi, kwa sababu watu wengi wanadhani ni nakala ya kichwa cha msimbo. Siku nyingi huwa hivyo. Lakini hakuna mkataba unaosema lazima iwe hivyo.

Fikiria daladala iliyoandikwa G/MBOTO–K/KOO. Mpiga debe hatangazi herufi hizo kama zilivyo, anaita “Gongo la Mboto, Kariakoo!” ili hata mgeni aliyeshuka jana kutoka Rukwa aelewe. Maandishi yakiwa yamefutika, anaangalia gari limepanga mstari gani, anasikiliza kondakta anasema nini, kisha anaita anachoona ndicho. Hajapaka rangi gari la mtu. Abiria akipotea, lawama ni zake yeye na za mwenye gari aliyeacha maandishi yafutike. Google inafanya kazi hiyohiyo kwa mabilioni ya kurasa: inasoma ulichoandika, inatazama kilichomo ndani, halafu inaita kwa sauti yake.

Google inatoa wapi maneno yake

Roboti ya Google, yaani programu inayozunguka mtandaoni kusoma kurasa, ikipita kwenye ukurasa wako inakusanya maandishi kutoka sehemu kadhaa. Kichwa cha msimbo ndicho cha kwanza. Baada yake kuna kichwa cha habari, maandishi mengine yaliyowekwa makubwa au kukolezwa, na kile kichwa ulichoandaa kwa ajili ya mitandao ya kijamii, kinachoonekana linki yako ikisambazwa huko. Pia kuna maneno ambayo watu wengine wameyatumia kwenye linki zinazoelekeza kwako. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Ukiwa umeizuia roboti isisome ukurasa fulani, lakini blogu kadhaa zimeuwekea linki yenye maneno “nafasi za kazi bandarini”, ukurasa huo unaweza kuonekana Google ukiitwa hivyo, ingawa hujawahi kuandika maneno hayo.

Mambo haya hayakuanza jana, ila yalizungumzwa sana Agosti 2021, Google ilipoanza kutumia mfumo mpya wa kutunga vichwa vya matokeo. Kabla ya hapo kichwa cha ukurasa mmoja kiliweza kubadilika kutegemea mtu alitafuta neno gani. Mfumo mpya ulilenga kuupa kila ukurasa kichwa kinachoueleza kwa ujumla, aliyetafuta awe ametafuta nini. Wenye tovuti walilalamika kwelikweli, hasa wenye vyombo vya habari walioona vichwa walivyovihangaikia vimenyofolewa. Danny Sullivan, aliyekuwa msemaji wa Google kwa mambo ya utafutaji, alilazimika kueleza, na mwezi uliofuata kampuni ikasema imerekebisha mfumo na kwamba kichwa cha msimbo kinatumika kwa takribani asilimia 87 ya matokeo.

Asilimia 87 ni nyingi, nakubali. Lakini igeuze uitazame kwa upande wa pili: katika kila matokeo mia, kumi na matatu hivi yanaonyesha maneno kutoka mahali pengine. Ukurasa wa kwanza wa matokeo ukiwa na tovuti kumi, kuna uwezekano mzuri kwamba mojawapo ina kichwa ambacho mwenyewe hakukipanga hivyo.

Makosa yetu ya kila siku

Hapa ndipo penye utamu, maana sababu nyingi za kubadilishiwa kichwa zinatoka kwetu wenyewe.

Ipo ile tabia ya kuuita ukurasa wa kwanza “Nyumbani”. Fundi ametumia kiolezo, yaani muundo wa tovuti uliokwisha kutengenezwa, kiolezo kimekuja na neno hilo, hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Kwa mgeni anayetafuta malazi Kigamboni, “Nyumbani” haimwambii kitu. Google inaliona hilo na kuchukua jina la biashara kutoka sehemu nyingine, pengine lile lililoandikwa juu ya picha ya bahari. Hivyo ndivyo mzee wetu anavyoweza kujikuta anaitwa “Karibu Upumzike” mbele ya dunia nzima.

Halafu kuna ugonjwa wa “Taarifa kwa Umma”. Fungua tovuti za taasisi zetu uone: taarifa kuhusu maji, taarifa kuhusu nauli, taarifa kuhusu mnada, zote kichwa chake cha msimbo ni “Taarifa kwa Umma”. Kurasa arobaini, jina moja. Zikitokea pamoja kwenye matokeo hakuna atakayejua ya nauli ni ipi, kwa hiyo Google inaingia ndani, inatafuta sentensi inayotofautisha, na kuipandisha juu. Kwa maoni yangu, hapo inatusaidia, ingawa mwenye tovuti hukasirika.

Januari, wazazi na watahiniwa wanapotafuta matokeo ya kidato cha nne, utaona mfano mwingine. Mtu ana ukurasa mmoja anaoutumia mwaka hadi mwaka. Kichwa cha habari amekibadilisha kuwa “Matokeo ya Kidato cha Nne 2025”, cha msimbo bado kinasema 2022 kwa sababu hakionekani na amekisahau. Google ikigundua tofauti hiyo, inaweza kukiacha cha msimbo na kuchukua kile cha ndani. Mfumo huohuo hauna uwezo wa kujua kama matokeo yametoka kweli, kwa hiyo usitumie kichwa cha Google kama ushahidi kwamba yametoka. Mwenye blogu aliyeandika “YAMETOKA” tangu Desemba ili apate wasomaji ataonyeshwa vilevile.

Wauza simu nao wana lao. Kichwa cha duka kinasomeka hivi: “Simu Bei Poa Dar, Simu Kariakoo, iPhone Used Dar, Samsung Bei Nafuu, Simu za Mkopo Tanzania, Simu Original”. Aliyeandika aliambiwa kwamba akirundika maneno atapanda juu. Google inaona rundo, haioni jina, na mara nyingi inalitupa na kuchukua kitu kifupi kutoka ndani.

Kuna na suala la lugha, ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Tovuti nyingi za Dar zimeandikwa Kiswahili ndani, lakini kichwa cha msimbo ni Kiingereza, ama kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo ama kwa sababu mtu aliona Kiingereza kinapendeza. Google imeeleza wazi kwamba kichwa kisipolingana na lugha kuu ya ukurasa, inaweza kutafuta kingine kinacholingana. Kwa hiyo kichwa cha Kiingereza juu ya makala ya Kiswahili ni kujitakia. Andika kwa lugha ambayo msomaji atakutana nayo akiingia.

Faili za PDF zina vituko vyake. Matangazo mengi ya kazi na zabuni hapa nchini hupandishwa mtandaoni kama PDF, na PDF ina kichwa chake kilichofichwa katika taarifa za faili. Karani akiandika tangazo kwenye Word na kuligeuza kuwa PDF bila kukagua, jina linaloingia linaweza kuwa “Microsoft Word - TANGAZO FINAL (2) edited.docx”. Umeshaona kitu kama hicho kwenye matokeo. Google haikukitunga, ilikisoma. Kwa PDF hutazama jina hilo la ndani pamoja na maneno ya linki zinazoelekeza kwenye faili. Kwa hiyo karani anayeweka linki iliyoandikwa “Bofya hapa” anaongeza tatizo, na anayeandika “Tangazo la zabuni ya ujenzi wa zahanati” anaisaidia Google kupata jina la maana.

Kukatwa si kubadilishwa

Wengine wanalalamika kwamba kichwa chao kimebadilishwa, kumbe kimekatwa tu. Kikiishia na vitone vitatu, huko ni kukosa nafasi. Utasikia kwamba mwisho ni herufi 60. Hakuna sheria hiyo. Google haijaweka kikomo cha urefu wa kichwa. Inaonyesha kadiri upana wa kioo cha mtumiaji unavyoruhusu, na upana haupimwi kwa idadi ya herufi. Herufi M inakula nafasi ya i kadhaa. Ndiyo maana kichwa cha HERUFI KUBWA TUPU, tunavyovipenda, hukatwa mapema kuliko kilekile kilichoandikwa kwa herufi za kawaida. Namba 60 ni makisio ya kufanyia kazi, na si mabaya, ila usiyageuze kuwa amri.

Wanahabari wana sababu ya kuliangalia hili kwa makini. Tuseme kichwa chako ni “Nauli za daladala kupanda kuanzia Jumatatu katika mikoa yote ya Tanzania Bara, mamlaka yasema si kweli”. Kwenye matokeo yatabaki maneno ya nauli kupanda kuanzia Jumatatu, kisha vitone. Umeandika kanusho, msomaji amepata uvumi, akapiga picha ya kioo na kuisambaza kwenye kundi la mtaa. Habari inayokanusha jambo ianze na kukanusha.

Vilevile usichanganye haya na kinachoonekana WhatsApp. Linki ikitumwa kwenye kundi, ile picha na maneno yanayotokea chini yake kwa kawaida yanatokana na kichwa cha mitandao ya kijamii, utaratibu ulioanzishwa na Facebook mwaka 2010. Unaweza kurekebisha kichwa cha msimbo leo, Google ikakifuata, na WhatsApp ikaendelea kuonyesha cha zamani. Ni sehemu mbili tofauti kwenye msimbo.

Na lile jina dogo linalokaa juu ya kichwa, pembeni ya nembo? Hilo ni jina la tovuti. Google ilianza kulionyesha kwenye simu Oktoba 2022. Hutolewa zaidi kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, kwa hiyo yule aliyeuita ukurasa wake “Nyumbani” anajiumiza mara mbili.

Yanayosemwa mitaani

Kwamba mshindani amelipa ili jina lako liharibiwe: hapana. Anayelipa Google ananunua tangazo, na tangazo huwekewa alama ya kuonyesha kuwa limelipiwa. Hakuna dirisha la kulipia kichwa cha mwingine kibadilishwe.

Kwamba kichwa kikibadilishwa umeshushwa nafasi: hapana pia. Google ilieleza kwamba kichwa ulichoandika wewe kinaendelea kuzingatiwa katika kupanga matokeo hata pale inapoonyesha kingine. Kinachoweza kubadilika ni idadi ya watu wanaobonyeza, maana kichwa kibaya hakiiti mtu.

Kwamba umedukuliwa. Hili nalijibu kwa tahadhari, kwa sababu mara chache ni kweli, na dalili zake ni tofauti. Google ikikubadilishia kichwa, maneno mapya yanatoka kwako, kwenye ukurasa wako au kwenye linki zinazokuhusu. Ukiona tovuti ya shule ya msingi ina vichwa vya Kijapani vinavyouza mikoba, au vya Kiindonesia vinavyoita watu kwenye kamari, hiyo si Google kujitungia. Kuna mtu ameingia kweli. Ujanja wake ni kuionyesha roboti ya Google kurasa za uongo na kumwonyesha mwenye tovuti kurasa za kawaida, ndiyo maana ukifungua mwenyewe unaona kila kitu kiko sawa. Kujua, andika kwenye Google neno site, nukta mbili (:), kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, na upitie kurasa zitakazoorodheshwa. Ukikuta usizozitambua, piga simu kwa fundi, na safari hii una haki ya kupaza sauti.

Unachoweza kufanya

Hakuna swichi ya kuizuia Google isibadilishe kichwa. Ipo ya kuzuia yale maelezo mafupi chini ya kichwa yasionyeshwe, kwa kichwa haipo, na mimi naona hilo ni pungufu. Mwenye gazeti aliyeandika kichwa chake kwa uangalifu wa kisheria alistahili kuwa na namna ya kusema kisiguswe. Kilichobaki ni kuinyima Google sababu.

Kipe kila ukurasa kichwa chake peke yake. Kitu chenyewe kianze, jina la biashara lifuate: “Vyumba na bei – ” kisha jina la nyumba ya wageni. Kichwa cha msimbo na kichwa cha habari vikubaliane. Si lazima viwe nakala, ila mtu akivisoma vyote viwili ajue ni jambo moja. Ndani ya ukurasa kiwepo kichwa kimoja kikubwa kinachotawala. Ukurasa wenye maandishi matatu makubwa yanayoshindana unailazimisha programu ichague, nayo itachagua isivyokupendeza. Kwa PDF, fungua sifa za faili kabla ya kuipandisha na uandike jina la maana.

Baada ya hapo, subira. Google haitajua umebadilisha mpaka roboti yake ipite tena, na hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki. Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ina sehemu ya kukagua anwani ya ukurasa mmoja mmoja. Hapo utaona ukurasa wako kama roboti ilivyousoma mara ya mwisho, na unaweza kuomba usomwe upya. Kubonyeza ombi hilo mara kumi hakuharakishi chochote. Na ukitaka kujua maneno yaliyokuudhi yametoka wapi, yanakili kutoka kwenye matokeo, fungua ukurasa wako, uyatafute humo. Mara nyingi utayakuta, kwenye kona fulani ambayo mliwahi kuijaza siku ya kufungua tovuti na hamkuirudia tena. Usipoyakuta, tazama wanaokuwekea linki wameandika nini.